Bushi Zisizoomba Grisi: Historia Fupi ya Plastiki Katika Viungo vya Mashine Nzito

Kila kijiko, greda au shindilia inayofanya kazi Jadida, mjini Wete, imefika Pemba kwa bahari, na tangu inaposhushwa bandarini huanza kuliwa na chumvi, udongo na mvua. Panapoharibika kwanza mara nyingi si kwenye injini. Ni kwenye viungo vya mkono, pale pini ya chuma inapogeuka ndani ya bushi. Kwa muda mrefu kiungo hicho kimetegemea grisi, na miongozo ya watengenezaji humtaka mwendeshaji aipige kila siku ya kazi au kila baada ya saa chache zilizowekwa. Siku isipopigwa, chuma hutafuna chuma. Pini hulika upande mmoja, tundu hupanuka, ndoo huanza kucheza, na mwisho mashine husimama ikingoja kipuri kutoka ng'ambo. Bushi za plastiki zinazojilainisha zimekuja kujibu tatizo hilo. Wengi wanaziona kuwa uzushi wa juzi, au njia ya kiwanda kukwepa gharama ya chuma. Historia inaonyesha vingine. Wazo la kiungo kisichoomba mafuta ni la zamani kuliko plastiki yenyewe, na moja ya majaribio yake makubwa lilifanyika kwenye pwani yetu, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Hoja yangu ni kwamba bushi hizi zilishinda pale wahandisi walipokubali ukweli mmoja: mtu wa kupaka mafuta hatakuwapo kila siku, na mashine njema ni ile iliyochorwa kwa kuujua ukweli huo.

Kabla ya 1860: shahamu, metali laini na mti wa Karibi

Mafundi na mabaharia wa pwani waliijua kazi ya mafuta kitambo. Sifa, yaani mafuta ya papa, ilipakwa mbao za jahazi. Shahamu ya mnyama iliyochanganywa na chokaa ilipakwa tumbo la chombo, na kila msimu ilibidi kazi ianze upya. Viwandani Ulaya na Marekani nako shahamu na mafuta ya nyangumi ndivyo vilivyolainisha ekseli na shafti kabla ya mafuta ya petroli kuenea. Kote huko sharti lilikuwa lile lile, kwamba kinacholainishwa lazima kirudiwe na mkono wa mtu.

Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza ya beringi yenye bitana ya metali laini, na metali hiyo ya bati, antimoni na shaba ikabaki na jina lake. Iliwashangaza waliodhani kwamba kinachobeba uzito sharti kiwe kigumu. Punje ya mchanga ikiingia kati ya vyuma viwili vigumu, hukwangua vyote viwili. Ikiingia kwenye metali laini, huzama humo na kuiacha shafti salama. Hapo ndipo mafundi walipoanza kuelewa kwamba ulaini uliowekwa mahali pake ni kinga, na somo hilo litarudi tutakapofika kwenye plastiki.

Hatua ya pili ilitoka majini. Meli za mvuke zilipoanza kuacha magurudumu ya ubavuni na kutumia rafadha, shafti ililazimika kupita chini ya maji hadi nje ya meli, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kufika na kopo la mafuta. Beringi za shaba zilikuwa zikilika upesi mno. John Penn, mtengenezaji wa injini huko Greenwich, London, akapanga ndani ya bomba la shafti vipande vya mti uitwao lignum vitae, mti mzito wa visiwa vya Karibi wenye utomvu wa mafuta ndani yake. Hataza yake ni ya mwaka 1854. Maji ya bahari yaliyopita kati ya vipande hivyo yalipooza shafti, na utomvu wa mti ukailainisha. Kabla yake, katika miaka ya 1720, John Harrison alikuwa ametumia mti huo huo ili saa zake zisihitaji mafuta, lakini ni Penn aliyeubebesha uzito wa meli nzima. Mti huo ulidumu katika kazi hiyo hata manowari ya kwanza ya nyuklia, USS Nautilus ya Marekani, iliyoshushwa majini 1954, ikautumia. Kwa hiyo kiungo kinachojilainisha kilizaliwa na mahali pasipofikika. Hakikuzaliwa na uvivu wa fundi wala tamaa ya kuuza kitu kipya.

1872 hadi 1927: enzi ya mpaka mafuta

Nchi kavu mambo yalikwenda upande mwingine. Treni zilikuwa na watu wa kutosha, na watu hao waliwekwa kazini kupaka mafuta kila treni iliposimama. Elijah McCoy, mhandisi aliyezaliwa Kanada kwa wazazi waliotoroka utumwa Marekani, alipata hataza mwaka 1872 ya kifaa kilichodondosha mafuta kwenye injini ya mvuke huku ikienda. Alikuwa amelenga shida halisi, yaani mashine kulazimika kusimama ili mtu aihudumie. Hata hivyo kifaa chake kilihamisha mkono tu, maana bado kilihitaji kujazwa.

Miaka michache baadaye sayansi ilieleza kwa nini mafuta hufanya kazi. Mwaka 1883 Beauchamp Tower, aliyekuwa akifanya majaribio kwa niaba ya chama cha wahandisi mitambo wa Uingereza, aliziba tundu la mafuta juu ya beringi ya ekseli na kuona kizibo kinasukumwa nje. Alipopima, akakuta kwamba ekseli inayozunguka huvuta mafuta na kuyabana mpaka yanaubeba uzito wenyewe, bila chuma kugusa chuma. Osborne Reynolds akaandika hesabu ya jambo hilo mwaka 1886. Ugunduzi huu ni mkubwa, na mpaka wake ni mkubwa vile vile. Utando wa mafuta hujengwa na mwendo. Ekseli ikizunguka kwa kasi bila kusita, utando unakuwapo. Kiungo kikienda taratibu, kikasita, kikarudi kilikotoka, utando huvunjika na chuma hukaa juu ya chuma. Mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio utakaotawala mashine za ujenzi za karne iliyofuata.

Afrika Mashariki iliingia katika enzi hii kwa reli na meli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria 1901, ikaleta karakana, akiba ya mafuta na kundi la mafundi wa kuhudumia ekseli. Lakini ushahidi mkubwa wa nguvu ya grisi katika eneo letu uko Kigoma. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakishindwa katika Ziwa Tanganyika, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, na kabla ya kuizamisha mafundi waliifunika mitambo yake kwa grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kuikuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Yeyote anayetaka kuidharau grisi na aikumbuke Liemba kwanza. Ila na ayaangalie pia mazingira yake. Grisi ile ilikaa tulivu juu ya chuma kisichosogea, na iliwekwa na watu waliokuwa na muda na nia ya kuipaka vizuri.

1907 hadi 1962: plastiki, na kosa lililofundisha

Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alitengeneza Bakelite mwaka 1907, na baadaye vitambaa vilivyoloweshwa utomvu wa jamii hiyo na kugandishwa vikatumika kama beringi zinazolainishwa kwa maji. Februari 1935 Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont walipata nailoni. Tarehe 6 Aprili 1938 Roy Plunkett, wa kampuni hiyo hiyo, alifungua mtungi wa gesi uliokuwa hautoi kitu ingawa uzito wake ulionyesha haujaisha. Walipoupasua wakakuta unga mweupe unaoteleza kama nta. Unga huo ni PTFE, ambao ulimwengu unaujua zaidi kwa jina la Teflon. Kufikia 1960 DuPont ilikuwa imeingiza sokoni plastiki nyingine ngumu, asetali, inayonyonya maji kidogo sana kuliko nailoni.

Ilidhaniwa kwamba tatizo limekwisha, kwa kuwa kimepatikana kitu kisichoshika chochote. Jibu lilitoka hospitalini. Daktari wa mifupa wa Kiingereza, John Charnley, mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwawekea wagonjwa nyonga bandia zenye kikombe cha PTFE, akitumaini kwamba utelezi wake ungelinda kiungo. Vikombe vikalika ndani ya miaka michache, na chembe zake zikaudhuru mwili. Charnley akakubali kwamba njia ile imeshindwa, na mwaka 1962 akahamia polietilini nzito, inayoteleza kidogo kuliko PTFE lakini inayostahimili kulika kwa mbali. Utelezi na ustahimilivu ni mambo mawili tofauti, na PTFE tupu ina la kwanza bila la pili.

Wahandisi wa mashine walifikia hitimisho hilo hilo kwa njia yao. Kampuni ya Glacier ya Uingereza, katika miaka ya 1950, ilitengeneza bushi ya chuma iliyofunikwa kwa shaba yenye vitundu, na ndani ya vitundu hivyo ikashindilia PTFE na risasi. Wengine waliofuata waliacha metali kabisa na kuchanganya vitu vitatu: plastiki inayoshika umbo, nyuzi za kioo au kaboni zinazobeba uzito, na vilainishi vikavu vilivyotawanywa mwilini mwa bushi kama PTFE au grafiti. Pini inapogeuka, hukwangua kiasi kidogo mno cha bushi, na kile kilichokwanguliwa hujipaka juu ya pini na kuwa utando mwembamba mkavu. Kuanzia hapo plastiki husuguana na plastiki. Utando huo haungoji kasi kama ule wa Reynolds, kwa hiyo unakuwapo hata kiungo kikienda taratibu na kusita. Kampuni ya igus, iliyoanzishwa na Günter Blase jijini Köln, Ujerumani, mwaka 1964, ni miongoni mwa zilizoifanya michanganyiko ya aina hii kuwa bidhaa za orodha, zenye vipimo vya mzigo, kasi na joto ambavyo mchoraji wa mashine anaweza kuvipigia hesabu.

Kuanzia 1951: kijiko cha haidroliki

Wakati huo huo mashine za kuchimba zilibadilika. Mwaka 1951 kampuni ya Poclain ya Ufaransa ilitoa kijiko chake cha kwanza cha haidroliki, na 1953 Joseph Cyril Bamford wa Uingereza akatoa mashine yenye kijiko nyuma ambayo wengi hapa wanaijua kwa herufi tatu za jina lake, JCB. Kabla ya hapo machimbaji makubwa yaliendeshwa kwa kamba za chuma na magurudumu ya kapi. Haidroliki ikaleta mkono wenye viungo, na kila kiungo kikawa pini ndani ya bushi, yenye mzigo mkubwa, mwendo mfupi na mapigo ya ghafla. Ukiyaweka maneno hayo mbele ya hesabu ya Reynolds, utaona kwamba haidroliki ilizidisha hasa aina ya mwendo ambayo mafuta huimudu vibaya. Grisi ilibaki kwa sababu haikuwa na mshindani, na ilibaki na ila yake: huvuta vumbi, na vumbi likichanganyika nayo huwa tope la kusagia chuma. Mwendeshaji hupiga grisi mpya ili kuisukuma nje ya zamani iliyochafuka, na grisi hiyo chafu huangukia ardhini.

1981 hadi miaka ya 1990: Kwale yatoa ushahidi

Jaribio lililonishawishi zaidi halikufanywa kwenye kijiko. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulianza muongo wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira, na Benki ya Dunia pamoja na shirika la maendeleo la umoja huo, UNDP, wakaanzisha mradi wa kupima pampu za mikono. Kila mahali tatizo lilikuwa moja. Pampu ilifungwa kwa sherehe, ikaharibika, kisha kijiji kikangoja gari la mafundi wa serikali ambalo huenda lisifike kwa miezi. India Mark II, pampu imara ya Kihindi ya miaka ya 1970, ilikuwa na beringi za gololi zilizobanwa kwenye mpini, na kuzibadilisha kulihitaji vifaa ambavyo kijiji hakikuwa navyo.

Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, ndiko pampu mpya iliyoitwa Afridev ilikojaribiwa na kurekebishwa mara kadhaa katika miaka hiyo, kwa msaada wa Uswidi na kwa kazi ya shirika la Kenya la KWAHO lililowashirikisha wanakijiji, hasa wanawake, katika utunzaji. Ni watu wa karibu nasi. Wavuvi wa Kipemba wamekaa pwani hiyo kwa vizazi, na mwaka 2023 Kenya ikawatambua rasmi kuwa moja ya jamii zake. Mpini wa Afridev hauna gololi wala grisi. Una seti nne za bushi, mbili kwenye egemeo na mbili pale fimbo inaponing'inia, na kila seti ni plastiki ndani ya plastiki, asetali na nailoni. Zikilika, hutolewa kwa mkono na kuwekwa nyingine, na kazi nzima ya juu ya pampu huhitaji spana moja. Mwanamke wa kijijini aliyefunzwa aliweza kuifanya bila kumngojea mtu. Michoro yake haikufungwa kwa hataza, hivyo viwanda vya nchi nyingi vimeitengeneza.

Mpini wa pampu na mkono wa kijiko ni ndugu kwa mwendo. Vyote viwili huenda na kurudi, vina mzigo, vina mchanga, vina maji, na vyote huhudumiwa na mtu ambaye pengine hana grisi siku hiyo. Kwale ilithibitisha mbele ya macho ya Waafrika Mashariki kwamba kiungo cha namna hiyo kinaweza kuishi bila mafuta. Ilithibitisha na jambo la pili lisilopendeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliorudi Kwale katika miaka ya 2010, wakafunga hata vifaa vya kupima mwendo wa mipini, walikuta baadhi ya pampu zinafanya kazi miongo mitatu baadaye na nyingine zimesimama. Tofauti ilitegemea sana fedha zilizochangwa, vipuri vilivyopatikana na kamati iliyosimamia. Bushi iliondoa haja ya grisi. Haikuondoa haja ya kuwajibika.

Pingamizi zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza ni la nguvu, kwamba plastiki haiwezi kubeba kile chuma kinachobeba. Kwa plastiki tupu ni kweli. Ila bushi za vijiko zina nyuzi ndani yake, na bushi yenyewe hukaa ndani ya nyumba ya chuma, kwa hiyo hubanwa na haina pa kukimbilia. Zaidi ya hapo, somo la Babbitt bado lipo. Bushi iliyo laini kuliko pini huzamisha mchanga na kulika yenyewe, na bushi ni rahisi kubadilisha kuliko pini, sembuse mkono mzima. Panapokuwa na kasi kubwa pingamizi hili linashinda. Plastiki hupitisha joto kidogo sana kuliko chuma, hivyo joto la msuguano hubaki pale pale likaiyeyusha. Hakuna mwenye akili atakayeiweka kwenye shafti kuu ya injini. Mahali pake ni kwenye viungo vya polepole.

Pingamizi la pili linatoka kwa Liemba: grisi huzuia kutu, na bushi kavu huiacha pini wazi kwa chumvi. Hili ni la kweli hasa kisiwani. Jibu lake ni kwamba uamuzi wa bushi lazima uende na uamuzi wa pini. Pini iliyopakwa kromu au ya chuma kisichoshika kutu huenda vizuri na plastiki, na pini ya chuma cha kawaida ikiachwa kavu Wete itaota kutu ambayo itafanya kazi ya tupa juu ya bushi. Anayenunua bushi bila kuuliza habari za pini amenunua nusu ya kitu. Vivyo hivyo kwa maji: nailoni hunyonya unyevu na kuvimba, basi kipimo kinachofaa nchi kavu kinaweza kubana pini katika masika ya Pemba, na mchanganyiko usionyonya maji ni bora hata ukiwa ghali.

Pingamizi la tatu ni la mafundi wetu. Bushi ya shaba hukerezwa hapa hapa kwa mashine ya kukerezea, na ya plastiki iliyotengenezwa kwa kalibu huagizwa mbali. Nakubali uzito wake, maana utegemezi kwa ng'ambo umeigharimu Pemba sana. Lakini fimbo za nailoni na asetali nazo hukerezeka kwa mashine ile ile, na fundi anayejifunza uvimbe wake kwa joto na maji anaweza kuhudumia viungo vyepesi tangu leo, huku vile vizito vikiachiwa bidhaa zenye nyuzi.

La nne ni la mazingira, na Zanzibar, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, ina haki ya kuliuliza. Bushi huacha chembe, na ikichakaa huwa taka. Upande wa pili wa mizani kuna grisi inayodondoka kila siku na kuchukuliwa na mvua hadi mikokoni. Gramu chache za bushi katika maisha yake yote ni mzigo mdogo kuliko grisi hiyo, mradi bushi iliyochakaa ikusanywe na isitupwe barabarani.

Pemba inapaswa kudai nini

Tangu Penn hadi Kwale, kila hatua iliyofanikiwa ilianza kwa kutazama mahali kiungo kitakapofanyia kazi na mtu atakayekihudumia. Kila iliyoshindwa, kama nyonga za mwanzo za Charnley, ilianza kwa kusifu sifa moja ya kitu na kusahau nyingine. Kwa hiyo serikali, halmashauri na makandarasi wanaoleta mashine Pemba wasiulize tu bei na nguvu ya injini. Waulize viungo vina bushi gani, pini zimepakwa nini, kama bushi hizo zimepimwa kwenye unyevu na mchanga, na akiba ya vipuri itakaa wapi kisiwani. Waweke ratiba ya kukagua uchakavu, kwa kuwa kiungo kisicho na grisi hakipigi kelele mapema kama cha chuma, na asiyekipima atashtukia kimekwisha. Chuo cha ufundi kinachofundisha kukereza chuma kifundishe na kukereza plastiki. Hayo yakifanyika, muda uliokuwa ukitumika kutafuta bomba la grisi utatumika kujenga barabara, na mashine iliyonunuliwa kwa fedha za umma itafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.